Kufoka si Kuungama: Barakoa ya MF DOOM na Kasoro za Uhakiki Wetu

1. Utangulizi

Jina linaweza kuwa hukumu. Rap ilipoingia katika Kiswahili ilipewa, miongoni mwa majina mengine, jina la muziki wa kufoka, na watunzi wake wakaitwa wafokaji. Uji hufoka unapozidiwa na moto. Mtu hufoka anapozidiwa na hasira. Katika hali zote mbili kinachofoka hakikupangwa. Kimetoka kwa kuwa hakikuweza kuzuilika. Basi kabla mhakiki hajasikiliza mshororo mmoja, lugha imekwisha kumnong'oneza kwamba anakwenda kusikia ghadhabu iliyofurika, wala si utungo uliopimwa, ukakatwa na kuungwa kwa makusudi.

Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya uhakiki wetu wa hip-hop, pamoja na ule unaojinadi kuwa mtetezi wake, huusoma utungo kama ungamo la mtunzi, na kwamba usomaji huo unaidhulumu sanaa na pia wenye sanaa. Kielelezo chetu ni Daniel Dumile, maarufu kwa jina la MF DOOM, mtunzi na mtayarishaji wa hip-hop ya chini kwa chini aliyefariki dunia tarehe 31 Oktoba 2020. Hatukumchagua kwa sababu ya idadi ya wapenzi wake. Tumemchagua kwa sababu kwa takriban miongo miwili alikuwa akiuziba mlango ambao wahakiki wetu hupenda kuupitia, yaani mlango wa wasifu.

2. Makundi mawili, kosa moja

Kundi la kwanza la wahakiki halitatuchukulia muda. Hili husema kwamba rap si ushairi kwa kuwa haina mizani wala urari wa beti. Hoja hii ni ndugu ya ile iliyoelekezwa kwa mashairi huru tangu Mulokozi na Kahigi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973 na Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974. Vita hivyo vimepiganwa, na leo wanafunzi wetu hutahiniwa kuhusu mashairi huru bila ya mbingu kuanguka.

Kundi la pili ndilo linalotuhusu, kwa kuwa linajiita rafiki. Hili huikaribisha rap darasani kwa tabasamu, likaiita sauti ya mtaa, kioo cha umaskini, kilio cha kijana aliyesahauliwa. Baada ya hapo huorodhesha dhamira, likafunga kitabu. Atakayesoma yanayoandikwa na wanafunzi wetu kuhusu Kalamashaka, kwa mfano, atakutana na Dandora, jaa la taka, polisi na ukosefu wa kazi. Yote hayo ni kweli na yana uzito. Lakini atatafuta kwa taa aya moja inayoeleza jinsi vijana wale walivyokivunja na kukiunga Kiswahili ili kikae juu ya mdundo. Fani huachwa, kana kwamba maskini hana fani, ana maudhui tu.

Linganisha na tunavyofanya kwingineko. Tunapofundisha "Mamba" katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla hatumwambii mwanafunzi kwamba mshairi alikuwa na tatizo na wanyama wa mtoni. Tunamwambia afumbue. Tunaposoma tungo za Muyaka tunauliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa fumbo gani. Hata mwanafunzi wa shule ya upili hupoteza alama asipotenganisha nafsineni na mshairi. Inakuwaje basi kanuni hii, tunayoishikilia kwa ukali katika shairi, hulegea ghafla tunapomfikia mfokaji? Jibu ni chungu: tunamwamini mshairi kuwa anaweza kubuni, ilhali mfokaji tunamwamini kuwa anaweza kusimulia tu.

3. Kazi iliyosomwa vibaya

Dumile alizaliwa London mwaka 1971, mama yake akiwa mtu wa Trinidad na baba yake wa Zimbabwe. Alilelewa Long Island, katika jimbo la New York. Alisikika kwanza kwa wengi mwaka 1989, akijiita Zev Love X, katika wimbo wa kundi la 3rd Bass. Mwaka 1991 yeye na mdogo wake Dingilizwe, aliyejiita DJ Subroc, wakiwa na kundi lao la KMD, walitoa albamu Mr. Hood kupitia kampuni ya Elektra. Mr. Hood ni mhusika ambaye sauti yake ilikatwa kutoka katika rekodi ya kufundishia lugha, vijana wakajibizana naye kana kwamba yumo chumbani. Yaani tangu mwanzo, kabla ya barakoa yoyote, palikuwa na tamthilia.

Mwaka 1993 Subroc aligongwa na gari, akafa. Dumile aliendelea kuikamilisha albamu yao ya pili, Black Bastards. Jalada lake, alilolichora mwenyewe, lilionyesha kikaragosi cha Sambo, ile picha ya dharau ambayo Wamarekani weupe waliitumia kumkejeli Mwafrika, kikiwa kimenyongwa. Maana yake haikuwa ngumu: kilichonyongwa ni kejeli yenyewe. Lakini baada ya malalamiko katika vyombo vya biashara ya muziki, Elektra iliiacha albamu hiyo na kundi lenyewe mwaka 1994. Kazi hiyo haikutoka kamili hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tunawaomba wasomaji wasimame hapa. Katika muda wa mwaka mmoja mtu alipoteza ndugu, mkataba na albamu, na viwili kati ya hivyo vilipotea kwa sababu ya usomaji. Picha ya kinaya ilisomwa kama tamko la moja kwa moja. Kwa hiyo tunaposema kwamba usomaji mbaya una gharama, hatusemi kwa mzaha, na anayeilipa gharama hiyo kwa kawaida si msomaji.

4. Barakoa

Dumile alirejea mwishoni mwa miaka ya 1990. Alipanda jukwaani katika Nuyorican Poets Café, Manhattan, uso ukiwa umefunikwa kwa soksi ya kike, na baadaye akavaa barakoa ya chuma. Jina la DOOM na sura ya barakoa vilitokana na Doctor Doom, mhusika mwovu wa katuni za Marvel. Mwaka 1999 alitoa Operation: Doomsday kupitia Fondle 'Em, kampuni ndogo ya Bobbito Garcia.

Neno andagraundi limeingia katika Kiswahili cha vijana, hasa Tanzania, likiwa na maana ya msanii chipukizi ambaye hajatoka. Kwa maana hiyo mtu huwa andagraundi kwa kukosa. DOOM hakuwa hivyo. Alikuwa amekwisha kutoka, akaona kilichoko huko juu, akarudi chini kwa hiari. Uchini wake ulikuwa chaguo la njia ya kazi: kampuni ndogo, rekodi chache, na hakuna meneja wa kumwambia jalada lipi litawaudhi wauzaji.

Na barakoa? Wapo watakaorukia asili ya baba yake wa Zimbabwe, wakakumbuka mapiko ya Wamakonde, wakatangaza kwamba Mwafrika amerudi kwenye jadi yake. Huo ni uvivu uliovaa kilemba. Barakoa hii haikutoka jandoni. Ilitoka katika katuni ya senti chache iliyosomwa na watoto wa New York. Maana yake iko katika kazi inayoifanya. Kwanza, inamnyima mtazamaji uso, ambao biashara ya muziki huuuza kabla ya kuuza sauti. Pili, inatangaza tangu mlangoni kwamba anayesema ni mhusika. Mhusika huyo ni mwovu, mara nyingi hujitaja kwa nafsi ya tatu, hujigamba, hudanganya. Hakuna msikilizaji aliye timamu anayeweza kumchukulia neno kwa neno.

Tena hakuwa mmoja. Mwaka 2003 pekee Dumile alitoa Take Me to Your Leader kwa jina la King Geedorah, zimwi la vichwa vitatu kutoka sinema za Kijapani, na Vaudeville Villain kwa jina la Viktor Vaughn. Mwaka 2004, katika albamu Madvillainy aliyoitunga pamoja na Madlib, upo wimbo "Fancy Clown" ambamo Viktor Vaughn anamlaumu mpenzi wake kwa kumsaliti na mwanamume mwingine. Mwanamume huyo ni mvaa barakoa, yaani DOOM. Mtunzi mmoja amemfanya mhusika wake mmoja aibiwe mpenzi na mhusika wake mwingine. Tunawauliza wenzetu wa sauti ya mtaa: katika wimbo huu, ni nani anayeungama?

Hatusemi kwamba mtu hayumo. Katika Operation: Doomsday umo wimbo ambao jina lake ni alama ya kuuliza tu, na ubeti wake wa mwisho unaelekezwa kwa Subroc marehemu. Huzuni ile ni ya kweli. Lakini imefikishwa kwetu kwa kupitia umbo: inakuja baada ya vichekesho na majigambo mengi, kutoka katika kinywa cha mwovu tuliyekwisha kumzoea kwa ubishi wake, na kwa sababu hiyo inachoma. Barakoa haikuificha huzuni. Iliipa mahali pa kusimama. Mhakiki anayeivua ili aifikie huzuni haraka atakuta uso wa mtu aliyefiwa, na duniani waliofiwa ni wengi. Utungo atakuwa ameupoteza njiani.

5. Uso na vidole

Herufi MF zilikuwa na maana mbili. Dumile alipokuwa mwimbaji zilisimamia uso wa chuma. Alipokuwa mtayarishaji zilisimamia vidole vya chuma. Maana hii ya pili ni somo kwetu, kwa kuwa uhakiki wetu unaujua uso tu. Tunayanakili maneno, tunayapanga katika mishororo, tunayahakiki kama yaliyochapwa kitabuni. Mdundo tunamwachia mwanamuziki.

Kwa mtu wa Kiswahili kosa hili halina udhuru. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Tumeikumbuka nusu ya sheria zake, ile ya kuhesabu silabi, tukasahau kwamba silabi zilihesabiwa ili ziingie katika sauti. Katika rap kipimo cha mshororo ni mapigo manne ya ngoma. Mtunzi anaweza kuzijaza silabi nyingi baina ya pigo na pigo, au chache, au akachelewa kwa makusudi. Anayehesabu silabi juu ya karatasi atapata vurugu. Akiurudisha mdundo ataona utaratibu.

DOOM aliitengeneza midundo yake kwa kukata vipande vya rekodi za zamani na kuviunga upya. Wimbo "Doomsday" umejengwa juu ya kipande cha wimbo wa Sade, mwimbaji wa mapenzi, na sauti hiyo laini ndiyo inayombeba mwovu. "Rhymes Like Dimes" umekaa juu ya rekodi ya Quincy Jones. Kinaya cha nyimbo hizi kiko katika mgongano wa kinywa na mdundo; ukitenga kimoja, kinaya kinakufa. Katika Take Me to Your Leader yeye ni vidole zaidi, akawaachia wengine sehemu kubwa ya kusema. Katika Vaudeville Villain ni kinyume: midundo ilitengenezwa na wengine, yeye akawa kinywa. Nao mfululizo wa Special Herbs, ulioanza mwaka 2001, una midundo isiyo na maneno iliyopewa majina ya mimea na viungo, kama vile zafarani na uwatu. Baadhi ya midundo yake Ghostface Killah aliitumia katika Fishscale mwaka 2006. Mtu huyu alikuwa mpishi aliyeweza kuuza chakula, na akaweza kuuza viungo vyenyewe.

Kuhusu vina tutasema jambo moja. Katika arudhi yetu silabi moja ya mwisho inatosha kuwa kina. DOOM huoanisha msururu wa silabi tatu, nne au zaidi, zikiwa zimegawanyika katika maneno kadhaa, na msururu huo hauji mwishoni tu bali hurudi katikati ya mshororo na kuvuka kwenda mshororo unaofuata. Mara nyingine humwandaa msikilizaji kupokea neno fulani, hasa la aibu, kisha akaliepuka na kuleta jingine. Msikilizaji akabaki na kina kilichosikika kichwani mwake pekee. Na yote haya husemwa kwa sauti nzito, ya taratibu, karibu ya uvivu. Hafoki hata kidogo. Madvillainy ina nyimbo 22 katika muda wa takriban dakika 46, nyingi zikiwa hazina kiitikio. Ni kazi ya mtu anayepunguza, na kinachofurika hakijui kupunguza.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni zito. Litasema kwamba tunamrudisha msomaji kwenye umaumbo, kwamba hip-hop ilizaliwa Bronx mwaka 1973 miongoni mwa watu waliotupwa, na kwamba kuisoma kwa vina na vipande vya rekodi ni kuifukuza historia chumbani. Hatukubali. Historia tumeitaja kila hatua: nani alimiliki mkataba, nani aliifungia kabatini albamu, kwa nini mtu akarudi kwenye kampuni ndogo. Mwaka 2010 Dumile alizuiwa kurudi Marekani baada ya ziara ya Ulaya, kwa kuwa hakuwa raia wa nchi aliyoishi tangu utotoni. Alibaki Uingereza, akafia Leeds. Hiyo ni siasa, tena siasa kali. Lakini hiyo ni historia ya kazi na ya mfanyakazi. Tunachokataa ni kuyageuza maneno ya utungo kuwa stakabadhi za historia hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwa mpenzi wa muziki aliyeumia. Mnamo mwaka 2007 watazamaji walianza kulalamika kwamba mtu mwingine alikuwa amevaa barakoa jukwaani na kufuatisha rekodi kwa midomo. Baadaye Dumile hakukana. Alijilinganisha na mwandishi na mwelekezi anayechagua mwigizaji. Je, barakoa haikuwa basi hila ya kulia fedha za watu? Hapa hatumtetei. Aliyelipa kiingilio kumsikia mtu fulani alistahili kumsikia, na nadharia hairudishi fedha. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha alivyoifuata kanuni yake hadi mahali ambapo wengi wetu tusingependa kufika: ikiwa anayesema ni mhusika, basi mhusika anaweza kuchezwa na mwingine. Tunaweza kulaani biashara ile na bado tukajifunza kwayo.

7. Hitimisho

Mwaka huohuo wa 2004 DOOM alitoa albamu Mm..Food, jina ambalo ni herufi za MF DOOM zilizopangwa upya. Albamu nzima inazungumza kwa lugha ya chakula. Humo umo wimbo "Rapp Snitch Knishes," alioimba na Mr. Fantastik, unaowakejeli wafokaji wanaotaja makosa yao ndani ya nyimbo na hivyo kujichongea kwa dola. Wengi waliucheka kama utani. Lakini waendesha mashtaka wa Marekani wamezoea kuyapeleka mahakamani maneno ya nyimbo za rap kama ushahidi. Mwaka 2022 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwabana wasifanye hivyo kiholela. Mwaka 2023, katika kesi ya Young Thug huko Georgia, jaji aliruhusu baadhi ya maneno ya nyimbo yawasilishwe kwa masharti.

Hapa ndipo uzito wa mjadala ulipo. Mwendesha mashtaka anayesimama na karatasi ya mishororo mkononi na kumwambia hakimu kwamba mtuhumiwa amekiri kwa kinywa chake anatumia mbinu ileile ya mhakiki anayesema kwamba mfokaji anatueleza maisha yake yalivyo. Mmoja ana nia njema, mwingine ana hati ya mashtaka. Nadharia yao ni moja. Wote wawili wanaamini kwamba kijana mweusi wa mtaani hawezi kuwa na nafsineni.

Hatuna budi basi kubadilisha tunavyofundisha, na mambo yanayohitajika si mageni. Kwanza, kila utungo wa rap unaoingia darasani uingie pamoja na mdundo wake, na mtengenezaji wa mdundo atajwe kama mtunzi. Pili, mwanafunzi aulizwe nani anasema kabla ya kuulizwa anasema nini. Tatu, tasnifu inayoishia katika orodha ya dhamira irudishwe kwa mwenyewe, kama ambavyo tungeirudisha ingekuwa inahusu utenzi. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Waliochonga barakoa hizi wanajua walichokichonga. Sisi wahakiki ndio tuliotishika, tukadhani ni uso.